Wafu Waliovuka Bahari: Bakongo wa Kuba na Swali la Nafsi ya Mtu

Neno moja tu limetusukuma kuandika habari hii. Katika inchi yetu hata mtoto mdogo anajua maana ya mganga. Mganga ni mtu: ana jina, ana nyumba, ana majirani wanaomwita usiku na wengine wanaomwogopa. Bakongo wa upande wa bahari humwita nganga, na neno ni lile lile. Lakini ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, katika kisiwa cha Kuba (tusikichanganye na Bakuba wa Kasai), nganga si mtu tena. Ni chungu cha chuma ambamo wametia udongo wa kaburi, vijiti vya porini, vipande vya chuma na mifupa ya mtu aliyekufa. Mwenye chungu huitwa tata nganga, ndiyo kusema baba wa nganga.

Namna gani jina la mtu limegeuka kuwa jina la chungu? Mwenye kujibu swali hili lazima asimulie habari za maelfu ya ndugu zetu walioondolewa pwani ya Kongo. Tena atakuta njiani swali jingine, ambalo kila padri na kila katekista hukutana nalo kazini: mtu ni nani, na wafu wana fungu gani ndani yake?

1. Njia ya bahari

Tunajua kwamba ufalme wa Kongo uliingia katika dini ya Kristu mapema. Mwaka wa 1491 mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa, akaitwa João. Mwanawe Afonso alipenda sana shule na mapadri. Lakini mwaka wa 1526 Afonso huyo huyo alimwandikia mfalme wa Portugali barua ya uchungu: wafanya biashara wanawakamata watu wake, hata watoto wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe, na inchi inabaki tupu. Malalamiko yake hayakufunga njia ya merikebu.

Kwa muda mrefu wengi wa watu hao walipelekwa Brazili. Kuba haikuwa bado na watumwa wengi sana. Mambo yaligeuka mwaka wa 1791, watumwa wa Saint-Domingue, inchi inayoitwa leo Haiti, walipoasi mabwana zao. Sukari ya Haiti ilianguka, na matajiri wa Kuba wakakimbilia kupanda miwa mahali pake. Miwa ilidai mikono. Mwaka wa 1817 Hispania ilipatana na Uingereza kwamba biashara ya watumwa ikome toka mwaka wa 1820. Hata hivyo merikebu ziliendelea kwa siri, na watawala wengi walifumba macho, mpaka kati ya miaka ya 1860. Kwa jumla zaidi ya watu 700,000 walishushwa Kuba kutoka Afrika, na sehemu kubwa yao walifika baada ya 1790. Utumwa wenyewe ulifutwa kabisa mwaka wa 1886.

Wahispania waliwagawanya watu hao kwa majina ya mataifa, si kwa majina ya ukoo wao. Wayoruba waliitwa Lucumí. Watu wa upande wa Calabar waliitwa Carabalí. Hata watu wa Msumbiji walikuwapo, wakaitwa Macuá. Na wote waliopakiwa toka Loango, Cabinda na mlango wa mto Kongo waliitwa Congo, ingawa hawakuwa kabila moja wala hawakuwa chini ya mfalme mmoja. Kisha wao wenyewe walitofautishana: huyu ni Musundi, yule ni Mayombe, mwingine ni Loango, mwingine tena ni Congo Real, yaani Mkongo wa mfalme.

2. Mtu asiye na ukoo

Tumfuate sasa mmoja wao akishuka forodhani. Baba na mama hawako. Wajomba, ambao kati ya Bakongo ndio wenye ukoo, hawako. Makaburi ya wazee yako ng'ambo ya maji. Anapewa jina la mtakatifu, na nyuma yake wanaandika jina la taifa lake. Basi katika vitabu vya ubatizo unakuta José Congo, María Conga, wengi wenye jina moja, kana kwamba wote walizaliwa na mama mmoja.

Sheria iliwaamuru mabwana wawafundishe watumwa dini na kuwabatiza. Ubatizo ulifanyika, mafundisho mara nyingi yalikuwa haba, kwa maana katika msimu wa kukamua miwa kazi haikuisha hata usiku. Sisi watu wa Eklezia inafaa tuseme ukweli wote. Mashirika mengine ya watawa yalikuwa na mashamba ya miwa na watumwa wao. Wako waliosema kinyume. Mwaka wa 1681, mjini Havana, Wakapusini wawili, Francisco José de Jaca na Epifanio de Moirans, walihubiri kwamba mabwana wanapaswa kuwafungua watumwa na kuwalipa kazi waliyoifanya, na walikataa kuwaondolea dhambi wale wasiotaka. Walikamatwa na kurudishwa Ulaya. Mtakatifu Antonio María Claret, Askofu Mkuu wa Santiago de Cuba, aliwafungisha ndoa watu ambao dunia haikutaka waoane kwa sababu ya rangi, akawatetea watumwa mbele ya wakubwa. Mwaka wa 1856, katika mji wa Holguín, mtu mmoja alimkata uso kwa wembe. Hao tunawaheshimu, lakini walikuwa wachache.

Basi mtumwa asiye na ukoo alitafuta ukoo wapi? Katika miji aliupata ndani ya chama kilichoitwa cabildo. Asili yake ni vyama vya ibada vya Hispania. Kila taifa lilikuwa na nyumba yake, mtakatifu wake msimamizi, mfalme na malkia wao wa kuchaguliwa, na sanduku la fedha. Katika mji wa Trinidad, kwa mfano, wale Congo Real walikuwa chini ya Mtakatifu Antoni. Tarehe 6 Januari, sikukuu ya Epifania, vyama vyote vya Havana viliandamana barabarani kwa ngoma na bendera mpaka mbele ya jumba la gavana. Serikali ilivibana vyama hivyo katika miaka ya 1880.

Wasafiri walipenda kuandika habari za ngoma. Sisi tunatazama zaidi lile sanduku. Fedha zake ziliuguza wagonjwa, zilisaidia kuwakomboa wengine, na zilizika wafu. Mwenye kunyang'anywa kila kitu aliogopa jambo moja zaidi: kufa bila mtu wa kumlilia na kumzika. Wazee wetu wasingeshangaa. Kwetu pia mtu anayezikwa na wageni anahesabiwa maskini kuliko asiye na nguo.

3. Wafu wa ukoo na wafu wa mapatano

Kati ya Bakongo, juu ya yote yuko Nzambi Mpungu. Chini yake wako bakulu, wazee wa ukoo waliotangulia, na makaburi yao ni kama mizizi ya kijiji. Vile vile nganga alijua kutengeneza nkisi: mfuko, chungu ao sanamu, ambamo alitia vitu vyenye kuuita uwezo wa ulimwengu wa wafu, na mara nyingi udongo wa kaburi ulikuwamo. Kati ya walio hai na wafu kuna maji, nayo huitwa kalunga.

Sasa mtumwa alikuwa amevuka maji kweli. Wengine walifikiri kwamba wakifa watarudi kwao. Esteban Montejo, mtumwa mtoro aliyesimulia maisha yake kwa mwandishi Miguel Barnet, katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1966, aliyakataa maneno hayo. Yeye alisema kwamba maiti haendi popote. Waliorudi Afrika walikuwa watu hai, wenye kuruka angani, na kati yao Wamusundi waliruka kuliko wote. Tusimcheke. Mtu anayesema hivyo anatuonyesha ginsi njia ya kurudi nyumbani ilivyokuwa imefungwa.

Bakulu wa ukoo hawakuweza kuhama na makaburi yao. Ndipo ikatokea ibada ambayo huko inaitwa Palo Monte. Mwandishi Lydia Cabrera aliisikiliza kwa miaka mingi vinywani mwa wazee wenyewe, akaiandika katika kitabu El Monte, mwaka wa 1954. Zamani vitu vya ibada hiyo vilifungwa katika mfuko ulioitwa macuto, neno linalotokana na nkutu, mfuko wa Kikongo. Baadaye vikatiwa zaidi katika chungu cha chuma. Ndani ya chungu anakaa nfumbe. Kwa Kikongo mvumbi ni maiti. Lakini nfumbe kwa kawaida si babu wa mwenye chungu. Mara nyingi ni mgeni. Tata nganga huenda makaburini, humtafuta mfu atakayekubali, hupatana naye, hulipa fedha na pombe, kisha humchukua nyumbani. Toka siku hiyo mfu anafanya kazi: analinda, anaponya, na akitumwa anadhuru.

Hapo ndipo tuliposimama kwa huzuni tulipojifunza habari hizi. Mtaalamu Stephan Palmié, katika kitabu cha mwaka wa 2002, ameonyesha kwamba maneno ya ibada hii yanafanana na mambo ya shamba la miwa: bwana na mtumwa wake, amri na adhabu, mkataba na malipo. Mtu aliyenunuliwa alimnunua mfu. Aliyefungwa aliweka mfungwa ndani ya chungu. Methali inasema: mwacha mila ni mtumwa. Huku Kuba mambo yalikwenda kinyume: mtu alifanywa mtumwa kwanza, na utumwa ukaingia hata ndani ya mila yake.

Hata hivyo, habari haiishii hapo. Nyumba ya ibada huitwa munanso, Kikongo kwa kusema ndani ya nyumba. Anayeingizwa huchanjwa ngozini, na toka hapo ana tata, ana yaya, ana ndugu. Mfu wa mapatano, aliyekuwa mgeni, anakuwa kama mtu wa nyumba. Wanamsalimu asubuhi, wanamlisha, na bwana akifa wanauliza nani atamrithi. Maana yake, kwa vipande vya makaburi ya wageni watu hao walijenga tena ukoo. Katika karne ya 19 alikuwako pia Andrés Petit wa Havana, aliyeanzisha njia iliyoitwa Kimbisa ya Kristu Mtakatifu wa Safari Njema. Yeye aliweka msalaba na sala za Eklezia pamoja na nganga ya Bakongo. Alichanganya, ndiyo, lakini jina lile, Kristu wa safari njema, latuambia ni safari gani iliyokuwa bado moyoni mwa watu wake.

4. Kichwa, na msafara wa roho

Walukumi walikuja na mawazo mengine. Kwao kichwa, orí, ni kiti cha nafsi ya mtu na bahati yake, na ndicho kinachopokea nguvu ya orisha siku ya kuingizwa. Lakini hakuna ibada inayoanza bila kuwataja egun, wafu. Wazee wao wanasema kwamba mfu ndiye anayemzaa orisha. Asiyewasalimu wafu hana njia ya kufika mbele.

Jambo la tatu lilitoka Ulaya. Mwaka wa 1857, huko Paris, Mfaransa mmoja aliyejiita Allan Kardec alitoa kitabu juu ya roho na ginsi ya kusema nazo. Mafundisho yake yalifika Kuba kabla ya mwisho wa karne ile, na watu weusi wakayapokea kwa namna yao. Leo katika nyumba nyingi utaona meza yenye kitambaa cheupe na glasi za maji, kila glasi kwa marehemu. Siku ya mkutano, unaoitwa misa ya kiroho, wanasali sala za Kardec pamoja na Baba Yetu na Salamu Maria, mpaka mmoja anashikwa, na mfu anasema kwa kinywa chake.

Kwa mafundisho hayo kila mtu anazaliwa na kundi la wafu wanaomfuata: labda Mwafrika mzee, labda mtawa, Mhindi wa asili ya kisiwa, daktari, ao mama wa kabila la wahamaji. Si lazima wawe jamaa zake. Tabia yake, vipaji vyake, hata magonjwa yake, hufungamana nao. Mtu anapaswa kuwajua mmoja mmoja, na kazi hiyo yaitwa kukua. Diana Espírito Santo, katika kitabu chake cha mwaka wa 2015, ameeleza kwamba kwa watu hao wafu hawaji kuifukuza nafsi iliyokwisha kamilika. Nafsi yenyewe inajengwa pole pole katika kuishi nao. Mtu anapokua, wafu wake pia wanapata sura na sauti.

Na kati ya wafu hao, anayejulikana sana ni mzee Congo. Anakuja ameinama, anasema Kihispania kilichovunjika kama mtumwa aliyeshuka jana. Hata Mzungu wa Havana anapiga magoti mbele yake na kumwomba shauri. Aliyepigwa viboko akiwa hai, leo anaketi kama mshauri na baba.

Hayo si mageni kabisa kwetu. Katika Kongo yenyewe, mwaka wa 1704, msichana Kimpa Vita, mbatizwa, jina lake Beatriz, aliugua, kisha akasema kwamba amekufa, na kwamba Mtakatifu Antoni ameingia ndani yake. Alihubiri amani katika ufalme uliochanika. Tarehe 2 Julai 1706 alichomwa moto. Katika vita vile wengi walikamatwa wakauzwa baharini. Kwa hiyo swali la nani anasema ndani ya mtu lilikuwa tayari katika Kongo, na katika moyo wa wabatizwa, kabla halijafika Kuba.

5. Sisi tusemeje?

Ndugu waseminari, mnajifunza katika teolojia kwamba tunamwabudu Mungu mmoja katika Nafsi tatu. Kumbe neno nafsi, katika fumbo kubwa kuliko yote, halina maana ya kuwa peke yake: Baba ni Baba kwa ajili ya Mwana. Tusiwe basi wepesi kumdharau Mkuba anayesema kwamba hajijui bila kuwajua wafu wake. Anayefikiri kwamba mtu amejifanya mwenyewe, bila deni kwa yeyote, yuko mbali na ukweli kuliko yeye.

Lakini pana mpaka, nasi tusiufiche. Sisi mapadri tumesikia kwenye kitubio maneno haya: si mimi niliyetenda, ni mzimu ulionituma. Hapo lazima tusimame. Mwenyezi Mungu alimwita Adamu, akamwuliza Adamu. Hakukubali jibu la kumsukumia mwingine kosa. Wafu wanaweza kukaa katika kumbukumbu yetu, katika damu yetu na katika sala zetu, lakini hawawezi kutubu mahali petu. Pili, Maandiko yanakataza kuwauliza wafu, katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati. Na Maandiko hayo hayo yanasifu kuwaombea, katika kitabu cha pili cha Wamakabayo. Tofauti yake tunaielewa vema zaidi tukikumbuka kile chungu. Mwenye kumwita mfu kwa mapatano anataka amtumikie. Mwenye kumwombea anamtumikia yeye, na anamwacha huru mikononi mwa Mungu. Hatuoni vema mtu aliyekufa awe mtumwa tena, na hasa katika mikono ya wajukuu wa watumwa.

Ibada yetu imekwisha kutuonyesha njia. Katika Misa ya majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka wa 1988, baada ya kuwaita watakatifu tunawaita pia wazee wetu waliomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu. Hatuwafungi, hatuwatumi, tunawaomba wawe pamoja nasi mbele ya altare. Kama mtumwa wa Kuba angalisikia ibada kama hiyo mwaka wa 1830, labda asingalihitaji kwenda usiku makaburini kutafuta ukoo wake. Hilo ni deni la wale waliombatiza na kumwacha.

Kwa hiyo, ndugu katekista, ukikuta katika nyumba ya mkristu kitu cha wafu, usianze kwa kukivunja. Keti kwanza. Uliza: huyu ni nani? Jina lake nani? Alikufa namna gani, na nani alimzika? Mara nyingi utakuta nyuma ya kitu kile mtu aliyekufa bila kuagwa, na mwingine aliyebaki bila kufarijiwa. Sikiliza mpaka mwisho, ndipo ufundishe.

Na tarehe 2 Novemba, tunaposoma majina ya marehemu wa parokia, tuwaweke pia wale tusioweza kuwasoma: waliotupwa baharini kabla ya kufika, na wale walioandikwa José Congo na María Conga kwa wino wa watu wengine. Mungu anayajua majina yao ya kwanza, yale waliyoitwa na mama zao. Wapumzike kwa amani.